Masjala ya Kaseti: Namna Kompyuta Zinavyotunza Nakala za Akiba

Tarehe 27 Februari, 2011, baadhi ya watu wanaotumia Gmail, yaani huduma ya barua za kompyuta inayoendeshwa na kampuni ya Google ya Marekani, walifungua masanduku yao ya barua wakayakuta matupu. Walioathirika walikuwa asilimia 0.02 tu ya watumiaji wote, lakini katika huduma yenye mamilioni ya watu sehemu hiyo ni umati mkubwa. La kushangaza ni kwamba barua hizo hazikuwa zimewekwa mahali pamoja tu. Zilikuwa na nakala kadhaa, tena katika vituo vilivyo mbali mbali. Kosa lilikuwa katika programu mpya ya kuhifadhi barua, na kwa kuwa programu hiyo ilizifikia nakala zote, kosa nalo lilizifikia zote.

Barua zile zilirudishwa kutoka kwenye tepu za sumaku. Tepu hizo hazikuwa zimeunganishwa na mitambo iliyokosea, kwa hiyo kosa halikuwa na njia ya kuzifikia. Ilichukua saa nyingi badala ya nukta chache, kwa sababu tepu husomwa polepole kuliko diski, lakini barua zilikuwapo za kurudishwa.

Miaka kumi baadaye, mwezi wa Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto huko Japani kilipatwa na msiba wa namna nyingine. Programu iliyokuwa na kazi ya kuweka akiba katika kompyuta kubwa ya chuo hicho ilirekebishwa, na toleo jipya likawekwa juu ya lile la zamani wakati lile la zamani lingali likifanya kazi. Amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za shughuli zilizopitwa na wakati ikafuta kazi za watafiti. Mafaili yapatayo milioni 34, yenye jumla ya terabaiti 77 hivi, yalipotea, na vikundi 14 vya utafiti viliguswa. Vinne kati ya hivyo viliambiwa kwamba kazi zao hazingeweza kurudishwa.

Matukio haya mawili yanaonyesha tofauti ambayo mara nyingi husahauliwa, hata na watu wa kazi hii. Nakala pacha, yaani nakala inayofuata mabadiliko ya asili yake papo hapo, humlinda mtu dhidi ya kuharibika kwa chombo: diski moja ikifa, nyingine ipo. Haimlindi dhidi ya amri mbaya, kwa maana amri ya kufuta hutekelezwa na pacha wote kwa utiifu ule ule. Nakala ya akiba ni ile iliyofanywa wakati fulani, ikatengwa, na haisikii tena yanayoamriwa kwenye asili. Tepu iliyotolewa kwenye mashine ni akiba ya namna hiyo kwa umbile lake.

UTEPE NA CHOMBO CHAKE

Tepu za kompyuta si jambo jipya. Kompyuta ya UNIVAC ya mwaka 1951 ilitumia tepu za madini, na mwaka 1952 kampuni ya IBM ilitoa mashine yake iliyoitwa 726, iliyotumia utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Kwa miaka mingi kazi ya kutoa tepu rafuni na kuivika kwenye mashine ilifanywa na watu, usiku na mchana, wakifuata maandishi yaliyotokea mbele yao. Mwaka 1987 kampuni ya StorageTek ilianza kuuza mtambo mkubwa mfano wa ghala la nafaka, wenye pande 12, ambamo mkono wa chuma ulizunguka katikati na kuchukua kaseti kutoka ukutani. Ghala moja lilibeba kaseti zipatazo 6,000, na kila kaseti ilibeba megabaiti 200.

Baiti moja inatosha kuandikia herufi moja. Megabaiti ni baiti milioni moja. Terabaiti ni megabaiti milioni moja. Basi ghala zima la mwaka 1987 lilibeba terabaiti 1.2. Kaseti moja ya aina ya LTO ya kizazi cha tisa, iliyotoka mwaka 2021, ambayo mtu huishika kwa kiganja, hubeba terabaiti 18. Ingehitaji maghala 15 kama lile.

Ndani ya kaseti hiyo mna utepe wenye upana wa milimita 12.65 na urefu wa mita 1,035. Juu ya upana huo mdogo zimepangwa njia 8,960 za kuandikia. Mashine huandika njia 32 kwa pamoja, hivyo utepe hulazimika kwenda na kurudi mara 280 ili ujae. Mwanafunzi akizidisha 280 kwa mita 1,035 ataona kwamba utepe umesafiri kama kilomita 290 mbele ya vichwa vya kuandikia, umbali unaozidi ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Kwa mwendo wa megabaiti 400 kila nukta, safari hiyo huchukua saa 12 na nusu.

Taasisi yenye kaseti tatu haihitaji mtambo wa kuzibeba. Mtu mmoja atazibadilisha. Taasisi yenye kaseti ishirini, au elfu ishirini, huhitaji kile kiitwacho maktaba ya tepu. Maktaba hiyo ni sanduku lenye sehemu nne: vishubaka ambamo kaseti hukaa, mashine moja au zaidi za kuzisoma na kuziandika, mkono unaozipeleka huku na huku, na mlango mdogo wa kuingizia na kutolea kaseti.

TARISHI NA KARANI

Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali ataielewa maktaba ya tepu upesi akiilinganisha na masjala. Katika masjala yapo mamia ya majalada, kila moja na namba yake. Yupo tarishi, ambaye kazi yake ni kuchukua jalada namba fulani na kulipeleka kwenye meza fulani. Yupo pia karani wa masjala, mwenye rejista inayoonyesha jalada lipi lina shauri gani, liko wapi, na lifungwe lini. Tarishi halifungui jalada. Ukimwuliza barua ya mwezi uliopita kuhusu ununuzi wa madawati iko wapi, hana la kujibu. Anayejua ni karani, na karani mwenyewe anajua kwa sababu tu rejista ipo.

Mkono wa maktaba ni tarishi. Unafahamu vishubaka kwa namba, unafahamu mashine kwa namba, na una jicho la kusomea alama ya mistari iliyobandikwa kwenye uti wa kila kaseti. Zaidi ya hapo haufahamu lolote. Programu ya akiba ndiyo karani. Hiyo ndiyo inayoamua mafaili gani yanakiliwe usiku huu, yaandikwe kwenye kaseti ipi, na kaseti ile isiguswe hadi lini. Kuipanga programu ifanye kazi na maktaba ni kuhakikisha kwamba karani na tarishi wanapotaja namba moja wanakusudia kitu kimoja. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku ambayo kitu kinatakiwa kurudishwa.

Mfano mzuri wa programu za namna hii ni Bacula, iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000 na kutolewa kwa umma mwaka 2002. Inafaa kwa mafunzo kwa kuwa matini yake iko wazi na hupatikana bila malipo. Imegawanyika katika sehemu ambazo zaweza kukaa katika kompyuta mbalimbali: Mkurugenzi, anayepanga ratiba na kutoa amri, Mtunza Ghala, anayesema na maktaba na mashine zake, mjumbe mdogo katika kila kompyuta inayonakiliwa, ambaye husoma mafaili na kuyatuma, na konsoli, ambayo kwayo binadamu huzungumza na Mkurugenzi. Nyuma yao wote ipo rejista, ambayo ni hifadhi ya kumbukumbu ya kawaida kama zile zitumikazo katika mabenki.

NAMBA ZISIZOPATANA

Maktaba inapounganishwa na kompyuta haijitokezi kama kitu kimoja. Mkono hujitokeza kama chombo kimoja, na kila mashine ya kusomea kama chombo cha pekee. Kompyuta haina njia ya kujua kwa kutazama kwamba vitu hivi vimo katika sanduku moja. Ni mtu anayeandika faili la mipangilio ndiye anayesema: huu ni mkono, na mashine hizi mbili ni zake.

Hapa ndipo kosa la kawaida kuliko yote huzaliwa. Katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, mashine za tepu hupewa majina nst0, nst1 na kuendelea, kwa kufuata utaratibu ambao kompyuta ilizigundua ilipowashwa. Maktaba nayo ina hesabu yake. Programu iitwayo mtx, inayotumika kuamuru mkono, huhesabu mashine kuanzia sifuri na vishubaka kuanzia moja. Na katika maktaba nyingi kioo cha mbele huhesabu mashine kuanzia moja. Hakuna sheria ya maumbile inayolazimisha nst0 ya kompyuta iwe ndiyo mashine namba sifuri ya mkono.

Msomaji na afikirie kitakachotokea zisipopatana. Karani anamwamuru tarishi apeleke kaseti kwenye meza namba sifuri. Tarishi anatii. Kisha karani anakwenda kuketi kwenye meza anayodhani ni namba sifuri, anaikuta tupu, na anaripoti kwamba kaseti haikufika. Tarishi naye anaapa kwamba ameifikisha, na kweli ameifikisha. Programu hungoja, hujaribu tena, mwisho hukata tamaa. Na mtu asiyejua kisa hiki huanza kubadilisha nyaya na kulaumu mashine nzima isiyo na kosa.

Njia ya kuthibitisha ni nyepesi na haihitaji programu ya akiba yenyewe. Kaseti moja isiyo na kitu hupelekwa kwa amri ya mkono kwenye mashine namba sifuri, kisha kila mashine huulizwa moja moja kama ina kaseti ndani. Ile inayojibu ndiyo namba sifuri, hata ikiwa inaitwa nst1. Baada ya hapo ni vema kuacha kabisa majina yanayotegemea mpangilio wa kuwashwa, na kutumia majina ambayo Linux huyatunga kutokana na namba ya kiwandani ya kila mashine. Namba ya kiwandani haibadiliki hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa mara mia, ilhali nst0 ya leo yaweza kuwa nst1 ya kesho umeme ukikatika usiku.

Herufi n iliyo mwanzo wa jina nst inastahili maneno ya pekee. Miongoni mwa majina ya kila mashine ya tepu katika Linux yamo mawili kama haya: st0 na nst0. Zote mbili ni mashine ile ile. Tofauti ni kwamba anayetumia jina la st0 akimaliza kuandika, utepe hurudishwa mwanzo wenyewe. Anayetumia nst0, utepe hubaki pale alipoishia. Mtu aliyesahau herufi hiyo moja akaandika kazi ya Jumatatu, utepe hurudi mwanzo; kazi ya Jumanne yaweza kuandikwa juu ya ile ya Jumatatu. Wala haitoshi kusema kwamba kilichofutwa ni kile tu kilichoandikwa juu yake. Tepu ikiandikwa upya mahali fulani, mashine huweka alama ya mwisho wa maandishi mara baada ya hapo, na vyote vilivyokuwa mbele ya alama hiyo havisomeki tena kwa njia ya kawaida, hata kama sumaku yake ingali juu ya utepe. Programu iliyo makini huanza kila kazi kwa kuhakiki mahali ilipo na hugundua hali hiyo. Script fupi iliyoandikwa na fundi kwa haraka haigundui.

MAJINA MATATU YA KASETI MOJA

Kaseti moja ndani ya maktaba ina utambulisho wa namna tatu. Kwanza ni kishubaka ilimo, na hilo hubadilika kila ikihamishwa. Pili ni alama ya mistari iliyo kwenye uti wake, ambayo kwa kaseti za LTO huwa na herufi au tarakimu sita, zikifuatwa na mbili za kuonyesha kizazi, kama L8 au L9. Tatu ni jina lililoandikwa kwa sumaku mwanzo wa utepe wenyewe na programu ya akiba. Programu huamini hili la tatu kuliko mengine, na hufanya vizuri, kwa sababu karatasi ya mistari yaweza kubandikwa na yeyote, hali jina la ndani linasafiri na maandishi.

Busara ni kuyafanya la pili na la tatu yafanane. Katika Bacula ipo amri moja ambayo huchukua kila kaseti mpya, husoma mistari yake, na kuandika jina hilo hilo ndani ya utepe. Kutoka hapo, kila inapopakia kaseti, programu husoma jina la ndani na kulilinganisha na ile iliyotarajia. Zikitofautiana hulitambua hilo kabla ya kuandika. Kaseti za kusafishia vichwa vya mashine huanzia herufi CLN, na programu iliyopangwa sawasawa huzitambua kwa herufi hizo na kuziacha.

Kishubaka ndicho chenye hila. Mlango wa maktaba ukifunguliwa na mtu akahamisha kaseti kwa mkono, tarishi hupita upya mbele ya vishubaka vyote na kusoma mistari. Yeye anajua mambo yalivyo sasa. Karani hajui, mpaka amwulize. Kwa hiyo kila baada ya kuingiza au kutoa kaseti mhudumu hana budi kuiamuru programu isahihishe orodha yake ya vishubaka. Amri hiyo huchukua nukta chache tu. Usiku mwingi wa akiba umepotea kwa sababu ya amri hiyo kusahauliwa, programu ikimtuma tarishi kwenye kishubaka ambacho kaseti iliyotakiwa ilishaondoka.

HESABU YA NAFASI NA YA MWENDO

Kabla ya kuandika ratiba yoyote inafaa kupiga hesabu kwenye karatasi. Na ichukuliwe kwamba chuo kina maktaba yenye vishubaka 24 na mashine mbili za kizazi cha tisa. Mafaili yote ya chuo ni terabaiti 30, na kila siku hubadilika terabaiti 1. Kila Ijumaa hufanywa nakala kamili, na siku nyingine sita hunakiliwa mabadiliko tu. Kila nakala yatakiwa kutunzwa majuma nane.

Nakala kamili moja yahitaji kaseti mbili. Majuma nane yahitaji 16, na mbili zaidi za kuandikia nakala mpya kabla ile kongwe haijaachiliwa: jumla 18. Mabadiliko ya juma moja ni terabaiti 6. Ya majuma nane ni 48, ambazo kwa hesabu tupu zingeingia katika kaseti tatu. Lakini kaseti haiwezi kutumika upya mpaka kazi ya mwisho iliyomo nayo iwe imepitwa na muda wake, kwa hiyo lazima iwepo ya nne. Ikiongezwa kaseti moja ya kusafishia, vishubaka 23 vimekwisha. Kimebaki kimoja.

Msimamizi akiamua baadaye kwamba nakala zitunzwe majuma kumi badala ya nane, atahitaji kaseti nne zaidi kwa nakala kamili pekee, na hana mahali pa kuziweka. Programu haitavunja amri. Usiku mmoja itasimama, itaomba kaseti, na itangoja. Kinachofuata hutegemea mhudumu. Wapo wanaotoa kaseti za zamani na kuzipeleka kwenye kabati la chuma, jambo ambalo ni zuri. Wapo pia wanaopunguza muda wa kutunza kimya kimya ili kazi iendelee, na kwa kufanya hivyo huifungulia programu mlango wa kuandika juu ya nakala ambazo bado zilihitajika. Hakuna kengele inayolia. Ripoti ya asubuhi itaonyesha kwamba kila kitu kimekwenda sawa.

Mwendo nao una hesabu yake. Terabaiti 30 kwa megabaiti 400 kila nukta ni nukta 75,000, yaani saa 20 na dakika 50 kwa mashine moja, au takriban saa 10 na nusu mashine zote mbili zikifanya kazi pamoja. Hiyo ni ikiwa mafaili yanafika kwa mwendo huo. Waya wa mtandao wa gigabiti moja haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa nukta, na kwa waya huo nakala ya Ijumaa itachukua saa 66 na dakika 40, yaani karibu siku tatu. Mashine ya bei kubwa itakaa ikingoja waya wa bei ndogo.

Kungoja huko kuna madhara mengine. Utepe ukiwa mwendoni hauwezi kusimama papo hapo, kama vile gari moshi lisivyoweza. Maandishi yakikoma kufika, utepe hupita mahali pake, husimama, hurudi nyuma, kisha huanza upya. Na ukifanya hivyo mara maelfu, utepe na vichwa huchakaa na kazi huchelewa zaidi. Mashine za siku hizi hupunguza mwendo zenyewe ili kuepuka hali hiyo, lakini zina kiwango ambacho haziwezi kushuka chini yake. Dawa yake ni kuielekeza programu ikusanye kwanza maandishi kwenye diski ya haraka, kisha yakitosha iyamimine kwenye tepu kwa mkupuo mmoja. Bacula hufanya hivyo kwa mstari mmoja tu katika faili la mipangilio.

REJISTA IKIPOTEA

Yote yaliyoelezwa hadi hapa hutegemea rejista. Ndani yake kuna jina la kila faili, kaseti liliyomo, na mahali lilipo juu ya utepe. Bila rejista, maktaba yenye kaseti 23 ni kilomita zaidi ya 20 za utepe usio na faharasa.

Sasa rejista yenyewe ni faili, na hukaa katika kompyuta, mara nyingi ile ile inayoendesha programu ya akiba. Moto ukiteketeza chumba, au diski ya kompyuta hiyo ikifa, karani amekufa pamoja na kumbukumbu zake. Ndiyo maana mipangilio ya Bacula hutolewa ikiwa tayari na kazi moja ya ziada, inayofanyika baada ya zote: kunakili rejista kwenye tepu. Kadhalika baada ya kila kazi programu yaweza kuandika faili dogo la maandishi linalotaja kaseti gani na mahali gani nakala hiyo ilipo. Faili hilo lapaswa kutumwa nje ya kompyuta hiyo, hata kama ni kwa barua au kwa kupigwa chapa kwenye karatasi. Kukosekana kwake si mwisho wa dunia, kwa kuwa ipo programu ya kujenga rejista upya kwa kusoma kaseti zote toka mwanzo hadi mwisho. Ila kaseti iliyojaa huchukua saa 12 na nusu kusomwa, na zipo ishirini na kitu.

Hali ni mbaya zaidi ikiwa kaseti zimeandikwa kwa fumbo. Mashine za LTO tangu kizazi cha nne zaweza kuficha maandishi ili aliyeiba kaseti asiweze kuyasoma, na kwa mahospitali na mabenki ni jambo la lazima. Lakini ufunguo wa fumbo ukitunzwa katika kompyuta ile ile inayowekewa akiba na si kwingineko, kompyuta hiyo ikiangamia hata mwenye mali huwa sawa na mwizi. Kusoma tepu zote upya hakutamsaidia.

Vizazi navyo havingoji. Mashine ya LTO ya kizazi cha nane husoma kaseti za kizazi cha saba na cha nane. Ya tisa husoma za nane na tisa tu. Taasisi inayotunza kaseti za kizazi cha tano kwa muda wa miaka ishirini haina budi kutunza na mashine ya kuzisomea, au kuzihamishia katika kaseti mpya kabla mashine ya mwisho haijafa.

Kuna imani moja isiyo sahihi inayohitaji kutajwa. Husemwa kwamba tepu haiwezi kudhuriwa na programu za kihalifu zinazofunga mafaili na kudai fedha. Hilo ni kweli kwa kaseti iliyo kabatini. Kaseti iliyo kishubakani ni jambo jingine, kwa sababu yeyote aliyeteka kompyuta ya karani anaweza kumwamuru tarishi alete kaseti moja baada ya nyingine mashineni zifutwe, na tarishi hatauliza kwa nini. Kwa sababu hiyo angalau seti moja ya nakala kamili hutolewa kupitia ule mlango mdogo kila mara na kupelekwa jengo jingine.

KURUDISHA

Kazi ya akiba hupimwa kwa kurudisha. Ripoti isemayo kwamba nakala imefanyika huthibitisha tu kwamba baiti zilitumwa na mashine ikazipokea. Kipimo kamili ni kuchagua faili moja kutoka nakala ya majuma sita yaliyopita, kuamuru lirudishwe kwenye folda tofauti, na kulilinganisha na la asili. Taasisi zenye utaratibu mzuri hufanya hivyo kila mwezi, na mara moja kwa mwaka hujifanya kana kwamba kompyuta ya programu ya akiba haipo, zikaanza na mashine tupu, kaseti, na lile faili dogo la maandishi.

Zoezi hili laweza kufanywa hata shuleni. Ipo programu iitwayo mhvtl inayoiga maktaba nzima ndani ya kompyuta moja ya Linux: vishubaka, mkono, mashine na kaseti, kaseti zenyewe zikiwa mafaili tu kwenye diski. Mwalimu aweza kuiweka pamoja na Bacula, akazipindua kwa makusudi namba za mashine mbili, na kuwaachia wanafunzi watafute kwa nini karani anasema kaseti haikufika.

Wakati wa kurudisha, karani hutazama rejista na kuona, kwa mfano, kwamba mafaili yaliyotakiwa yamo katika kaseti tatu: yale ya nakala kamili katika mbili za kwanza, na yaliyobadilika mwishoni katika ya tatu. Tarishi huleta ya kwanza. Mashine huuvuta utepe, hukimbiza hadi mahali palipoandikwa katika rejista bila kusoma yaliyo katikati, kazi ambayo yaweza kuchukua dakika moja au zaidi, kisha husoma. Kaseti hurudishwa kishubakani, ya pili huletwa. Ikiwa ya tatu imetolewa na iko katika kabati la jengo jingine, programu huandika alama ya kaseti hiyo kwenye konsoli na kungoja, hadi mtu aende kuichukua, aiweke mlangoni, na aiamuru isahihishe orodha ya vishubaka.